Jelmer Anamudu

Kwa Roelie Tamminga usafi ulianza Ijumaa, ingawa mgeni alikuwa anakuja Jumanne. Alisugua madirisha ndani na nje, akafua mapazia, akapanda kiti kupangusa juu ya kabati ambapo hakuna binadamu angepaona. Mgeni alikuwa ofisa wa manispaa. Hakuwa anakuja kukagua vumbi. Alikuwa anakuja kuamua kama mtoto wao Jelmer aendelee kulipiwa msindikizaji au basi. Lakini huku kijijini kwetu Oosterwedde mgeni akija nyumba lazima ing'ae, hata kama anayekuja anataka kuona jinsi ulivyoanguka.

"Anakuja kumwangalia mtoto, si dari," alisema Eltjo, mumewe, akiwa mezani na bakuli la supu ya njegere. "Shuka kabla hujavunjika kiuno tukawa na wagonjwa wawili."

"Jelmer si mgonjwa."

"Haya! Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nasema hivyo. Mkanisomesha, wewe na yule msindikizaji wenu Tineke, mpaka nikakubali kuwa ni mgonjwa. Leo tena amepona?"

"Si mgonjwa wa kusemwa hivyo huku mdomo umejaa chakula."

Eltjo alimeza, akafuta masharubu. Alikuwa jitu la mtu, dereva wa malori ya masafa marefu ambaye mgongo ulimstaafisha mapema, na tangu hapo alikuwa akigombana na televisheni kutwa nzima. Mawaziri wote wa nchi walikuwa wamekwisha tukanwa kutoka kwenye kile kiti chake.

"Mtoto anahitaji kusukumwa kidogo tu," alisema. "Atoke, asalimie watu, arudi. Kwani watu wanauma?"

Juu yao mbao za dari zililia. Jelmer alikuwa amesimama, amesikia, na sasa alikuwa ameketi tena.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Si kwamba aliwachukia watu. Aliwafikiria kupita kiasi. Mtu akimtazama tu, shingo ilimwiva nyekundu, ulimi ukanata, na kichwani hakikubaki kitu isipokuwa jinsi anavyomkera huyo aliye mbele yake. Mlango ukigongwa, alizuia pumzi hadi mgongaji aondoke. Chuo alikiacha siku aliyotakiwa kusimama mbele ya wenzake aeleze kazi yake. Daktari aliipa jina, hofu ya kijamii, na jina hilo liliwafariji wazazi kwa juma zima hivi, kisha wakaona kuwa jina peke yake halimtoi mtu chumbani.

Aliyemtoa ni Tineke. Manispaa ilimlipa aje mara mbili kwa wiki, na miezi ya kwanza alikuja akakaa ngazini na sufu yake, akifuma soksi na kuzungumza na mlango uliofungwa. Baadaye mlango ukafunguka. Baadaye tena wakafika bustanini, kisha kwa mwoka mikate, kisha kwenye kitalu cha maua cha mzee Bruining nje ya kijiji, ambako Jelmer alipewa trei za miche akaambiwa aihamishe mmoja mmoja. Alikaa humo ndani ya nyumba ya vioo asubuhi nzima bila kutaka kutoroka. Bruining aliona. Alisema nafasi ipo kuanzia Machi, asubuhi mbili kwa wiki, kwa sharti kwamba Tineke awe naye miezi ya mwanzo.

Kwa hiyo Jumanne hiyo ilikuwa imebeba mambo yote. Tineke akibaki, kitalu kipo. Tineke akiondolewa, hakuna kitalu, na Roelie alijua vizuri chumba cha juu kinavyoweza kummeza mtoto wake kwa mara ya pili.

*

Zamani kijiji kilimwita Jelmer mwenye maringo. Baadaye kikaja kipindi kwenye televisheni, na manispaa ikabandika mabango kwenye vituo vya basi, picha ya msichana aliyeinamisha kichwa na maneno makubwa: HOFU SI AIBU. Basi watu wakaelewa. Na walipoelewa, wakaelewa kwa sauti ya juu.

Jumamosi ile Jelmer alikwenda kwa mwoka mikate peke yake. Hilo lilikuwa zoezi alilopewa na Tineke. Alikuwa na sentensi yake tayari, ameibeba kutoka nyumbani kama mtu abebavyo bakuli lililojaa: mkate mmoja wa ngano nzima, uliokatwa, tafadhali. Alisimama kwenye foleni. Mbele yake walikuwa watu wanne, na nyuma akaingia jirani yao Aaltje na mkokoteni wake wa manunuzi.

"Jelmer!" alisema Aaltje kwa furaha ya kweli. "Usijali, mwanangu, huna haja ya kunisalimia! Najua inavyokusumbua!"

Foleni nzima iligeuka.

"Ana ile hofu ya kijamii," Aaltje aliwaeleza wengine, akiwa ameweka mkono kifuani. "Msimtazame sana. Kwenye televisheni walisema ukimtazama ndiyo unamzidishia."

Watu wakaacha kumtazama, wote kwa pamoja, kama walioamrishwa. Mmoja akaanza kusoma bei za keki. Mwanamke wa dukani alilainisha sauti, ile sauti ya wodini: "Pole pole tu, mpenzi. Hatuna haraka kabisa."

Sentensi ikapotea. Jelmer alifungua mdomo, akafunga, akatabasamu, akasema asante, akatoka bila mkate.

Jioni Roelie alimfuata Aaltje kwenye ua wa nyuma. Alikuwa amekusudia kumpasha. Lakini Aaltje alikuja uani akiwa na mkate mkononi, umefungwa vizuri, amemnunulia.

"Nilikuwa najaribu kumsaidia, Roelie. Mimi namwelewa mtoto wako kuliko wengi. Hata mpwa wangu anayo."

"Najua, Aaltje. Asante," alisema Roelie, akaupokea ule mkate. Alirudi ndani akauweka mezani, na kwa hasira akakata kipande kinene akakila chenyewe, bila siagi.

*

Jumatatu Tineke alikuja kwa mara ya mwisho kabla ya ule mkutano. Kesho yake hakuruhusiwa kuwepo, kwa sababu manispaa ilisema msindikizaji hawezi kukaa kwenye mazungumzo yanayohusu ajira yake mwenyewe. Mazungumzo ya meza ya jikoni, ndivyo wanavyoyaita. Ofisa anakuja kwako, anakaa jikoni kwako, mnaongea kama ndugu, na mwisho wa undugu huo anakwenda kuandika unachostahili.

"Sikiliza, Jelmer," alisema Tineke. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. "Kesho usijikaze. Ukitaka kukaa kimya, kaa kimya. Ukitetemeka, tetemeka. Ukikimbilia juu, kimbia. Akuone kama ulivyo siku mbaya."

"Siwezi kumfanyia hivyo," alisema Jelmer.

"Kumfanyia nani?"

"Huyo mtu. Atakuwa ametoka mjini. Nikikaa kimya atajisikia vibaya."

Tineke alimtazama, akaangalia pembeni upesi. "Ndiyo ugonjwa wenyewe huo, mwanangu. Sasa kesho huo ugonjwa uache uonekane."

Roelie ndiye aliyeleta neno la kahawa. Alilileta kwa mapenzi, na alikuja kulijutia. "Si angalau ammiminie kahawa? Mikono ikiwa na kazi, roho inatulia. Nami nimenunua biskuti zile nzuri."

Tineke alisita. "Sijui, Roelie."

"Nitaweza," alisema Jelmer kwa haraka, na uso wake uling'aa kidogo. Kumpa mtu kahawa hilo alilielewa. Wakajifunza mchana kutwa. Tineke alitoka nje, akagonga, akaingia akijifanya ofisa, na Jelmer akamvua koti, akamwonyesha kiti, akamimina. Mara ya kwanza alimwaga nusu kwenye kisahani. Walipofika mwisho hakumwaga hata tone, na Tineke, aliyekuwa na mashaka yake, alijikuta anampigia makofi. Huwezi kumwona mtu aliyekuwa nyuma ya mlango akifika hapo ukaacha kumpigia makofi.

*

Ofisa alikuja kwa baiskeli, mvua ikinyesha, jina lake Marjolein. Kwenye koti alikuwa na beji ndogo ya lile bango la kituoni. Hakuwa mtu mbaya, na hili lazima lisemwe, maana ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Alipangusa viatu mlangoni zaidi ya ilivyohitajika. Aliisifu nyumba.

Eltjo hakuwepo. Asubuhi ile ile alikumbuka kwamba breki za trela ya jirani mmoja upande wa pili wa mfereji zilikuwa zinahitaji kuangaliwa, akaondoka na kisanduku cha vifaa kabla ya kifungua kinywa.

Jelmer alikuwa jikoni, shati jeupe, nywele zimechanwa. Alimpokea Marjolein koti. Alivuta kiti. Alimimina kahawa, na birika halikutetemeka. Alifungua kopo la biskuti, Marjolein akachukua moja, naye Jelmer akafunga kifuniko, kama ilivyo desturi ya huku kwamba mgeni hupewa moja tu.

"Ya pili inalipiwa," alisema.

Marjolein alicheka kwa moyo wote. Hakujua kwamba mzaha ule ulitungwa usiku wa Jumatatu, ukarudiwa mbele ya kioo, wala hakuona kwamba shati jeupe lilikuwa limelowa mgongo mzima. Mgongo wa mtu aliyeketi kukuelekea huuoni.

"Kwa kawaida huwa hawezi hivi," alisema Roelie haraka. "Hii ni kwa sababu wamefanya mazoezi. Jumamosi tu alishindwa kununua—"

"Roelie," alisema Marjolein kwa upole, akamgusa mkono. "Naelewa kabisa. Mimi nina binamu yangu mwenye hali hii. Na kosa tulilofanya nyumbani kwetu ni kumsemea. Ningependa nimsikie Jelmer mwenyewe. Unaonaje ukitupisha kidogo?"

Roelie alimtazama mwanawe. Jelmer aliitikia kwa kichwa, kwamba ni sawa, maana mgeni ndiye aliyependa hivyo. Basi mama akatoka, akasimama ukumbini kati ya makoti, akaweka sikio kwenye mlango wa jikoni kwake mwenyewe kama mwizi.

"Unaendeleaje, Jelmer?"

"Vizuri. Siwezi kulalamika."

"Tineke amekusaidia?"

"Sana."

"Naona. Nimesoma ulikotoka, na ukweli nimeshangaa. Unajua wapo vijana ambao nikifika hawafungui hata mlango?" Akanywa kahawa. "Tuna wengi wanaosubiri, na wasindikizaji ni wachache. Si tatizo lako hilo, ila nakwambia ukweli wangu. Sasa niambie nawe ukweli wako. Tineke asipokuja tena, itakuwaje?"

Jibu Jelmer alikuwa nalo. Nitarudi chumbani na sitatoka. Lilikuwa limekaa kooni tayari. Lakini mbele yake alikuwa ameketi mtu aliyelowa mvua, aliyecheka mzaha wake, ambaye nyusi zake zilikuwa zimeinuka kidogo kwa matumaini. Angesema lile neno, zile nyusi zingeshuka, na yeye ndiye angekuwa amezishusha. Hakuna alichokiogopa duniani kama hicho.

"Nadhani nitamudu," alisema.

"Unadhani, au una hakika?"

"Nina hakika."

Kule ukumbini Roelie alishika mkono wa koti la mumewe akaufinya.

"Na kitaluni? Utaweza kwenda mwenyewe?"

"Bruining ni mtu mzuri."

"Safi. Na watu wa karibu? Siku hizi tunaangalia kwanza majirani, marafiki. Kuna mtu wa kukushika mkono?"

Jelmer alitafuta jina. Lilikuja la kwanza lililokuwa karibu. "Jirani yetu. Aaltje. Ananielewa."

"Unaona!" Marjolein aliandika. "Halafu kila Alhamisi kuna meza kwenye ukumbi wa kijiji. Watu wenye hofu hii hii, mnakaa pamoja, kila mmoja anajieleza kidogo. Wanafika kumi hivi, wengine kumi na wawili. Ungependa?"

"Inaonekana ni nzuri," alisema Jelmer. "Asante."

Alimsindikiza mgeni hadi mlangoni. Alimshikia koti. Alimpungia mkono mpaka baiskeli ilipokata kona, ndipo akapanda ngazi, akaingia chooni, akatapika kahawa na biskuti na kila alichokula tangu jana. Roelie alipiga magoti kando yake na taulo.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "nimefanya vizuri?"

Roelie alikuwa amesikia kila neno. Aliitazama ile shingo nyekundu, na yale macho yaliyokuwa yanasubiri.

"Umefanya vizuri sana, mwanangu," alisema, akamfuta mdomo.

*

Habari aliileta Tineke kabla haijaletwa na posta. Aliketi jikoni bila kuvua koti.

"Wameandika kwamba anamudu," alisema. "Ni mchangamfu, anamtazama mtu machoni, anampokea mgeni, ana utani. Ana jirani anayemwelewa. Mwezi huu ukiisha mimi basi."

"Lakini ile kahawa ulimfundisha wewe!" alisema Roelie.

"Nilimfundisha mimi," alisema Tineke. Alikuwa mwanamke asiyelia mbele ya watu, naye hakulia, ila alikuwa akivuta na kuachia kidole kimoja cha glavu mfululizo.

Bruining alipigiwa simu. Alisikitika kweli. Alisema ana mfanyakazi mmoja tu na bima yake ni kali, hawezi kumwacha kijana peke yake humo ndani kati ya mashine bila mtu wa kumwangalia. Wakipata msindikizaji mwingine, milango yake iko wazi. Msindikizaji mwingine hakuwepo, na yeye alijua.

Palikuwa na mwanya mmoja. Kabla uamuzi haujatiwa sahihi, nyumba ilikuwa na haki ya kutoa neno kwa simu, mwisho Ijumaa mchana. Roelie hakungoja. Alipiga siku ile ile, akasema yote, akalia katikati, na mwishowe sauti ya heshima ikamjibu kwamba maoni ya mama wanayo tayari, yamepokelewa kwa uzito wake. Wangependa kumsikia Jelmer, au mtu mwingine wa nyumba ile anayeweza kulieleza jambo kwa utulivu.

Jioni waliketi watatu mezani, viazi na kabichi vikipoa.

"Mimi siwezi simu," alisema Jelmer, akiwa ameinamia sahani. "Samahani. Nimejaribu mchana. Nimeishika tu."

"Hakuna anayekulazimisha," alisema Roelie.

"Baba anaweza."

Eltjo aliacha kutafuna.

"Baba haogopi mtu," alisema Jelmer. Hakuwahi kumwomba baba yake kitu chochote tangu utotoni, na sasa alimtazama machoni. "Ukiwaambia wewe watasikia. Waambie tu kwamba nilidanganya. Waambie siwezi."

Eltjo alitazama ukutani, akatazama sahani. Masharubu yalicheza. Roelie alingoja aseme lile la kusukumwa kidogo. Hakulisema.

"Nitawaambia," alisema. "Nitawaambia mpaka wakome. Niachieni hiyo namba."

Usiku ule Roelie alipata usingizi. Alikuwa na mume mwenye mdomo mchafu na sauti ya kutikisa vikombe, na kwa mara ya kwanza alimshukuru Mungu kwa hilo.

*

Ijumaa Eltjo alinyoa ndevu. Alivaa shati la kola. Roelie alitaka kumtania kwamba simu haina macho, akaacha. Asubuhi mzee alikwenda kuwapa kuku chakula, akarudi, akaenda tena. Alikunywa maji. Alisema laini za asubuhi huwa zimejaa, afadhali saa tano. Saa tano alisema wako kwenye mapumziko.

"Piga, Eltjo," alisema Roelie. "Wanafunga mchana."

"Kwani mimi sijui? Tokeni jikoni basi. Siwezi kuongea mkinitolea macho."

Roelie alitoka, akasimama ukumbini. Jelmer alikuwa ameketi kwenye ngazi, magoti yamegusana na kidevu. Kupitia mlango walimsikia Eltjo akinong'ona. Roelie alidhani simu imepokelewa. Kisha akatambua kwamba anajisemea peke yake, sentensi ile ile, anaanza, anaifikisha katikati, anarudi mwanzo. Jina langu ni Tamminga, napiga kuhusu mwanangu. Jina langu ni Tamminga.

Ndipo mambo yakaanza kumjia Roelie, moja baada ya jingine, naye hakuyaita. Kwamba anayempigia simu daktari wa meno ni yeye. Shule, bima, benki, yeye. Kwamba kwenye sherehe za kuzaliwa, pale ndugu wote wanapoketi kwa duara na kila anayeingia lazima azunguke kumpa mkono kila mmoja, Eltjo daima alikuwa na lori la kupeleka Poland. Ndugu zake Roelie walisema mumeo mjeuri. Yeye alisema ni kazi. Miaka thelathini alikuwa peke yake kwenye kile kibanda cha lori, akiitukana redio, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini mtu apende kazi ile kiasi hicho.

"Ndiyo," ilisema sauti jikoni. Ilikuwa ndogo. Roelie hakuijua. "Tamminga. Ndiyo, bibi. Kuhusu mwanangu."

Upande wa pili mtu alikuwa anaeleza.

"Ndiyo... La, la, hatulalamiki... Naelewa, bibi. Wengi wanasubiri, ndiyo... Si kwamba alidanganya, hapana, sikusema hivyo..." Akakohoa. "Alikuwa... yeye huwa..."

Jelmer aliinua kichwa.

"Nyinyi mna kazi ngumu," alisema Eltjo. "Ndiyo. Ndiyo, nadhani atamudu. Asante sana, bibi. Asante. Na wewe pia wikendi njema."

Roelie alisukuma mlango. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya jikoni, simu bado iko sikioni ingawa ilikwisha kukatwa, shati limemganda mgongoni. Hakumgeukia. Lile jitu lililotukana mawaziri lilikuwa linasubiri sakafu ifunguke.

Roelie alikuwa na maneno, mengi, ya moto, yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini Jelmer alikuwa amempita. Alimwendea baba yake, akaitoa simu kwenye ule mkono mkubwa polepole, akaiweka mezani.

"Umesema vizuri, baba," alisema.

"Eti?" aliuliza Eltjo.

"Vizuri sana."

Wakabaki wamesimama hivyo, wote wawili wameinamisha vichwa, hawagusani. Hapakuwa na cha kufanya tena. Saa ya ofisi kufungwa ilikuwa imefika, na Roelie hakuwa na hasira iliyobaki ya kumpa mtu. Alijisikia amechoka mpaka kwenye mifupa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na presha yake ilikuwa ya kumeza vidonge. Akiwatazama pale alijikuta anawaza jambo moja tu, nalo halikumtoka hadi jioni, hadi vyombo vilipokuwa vimeoshwa na taa kuzimwa: siku nitakapokufa mimi humu ndani, nani kati ya hawa wawili atakayepiga simu waje kunichukua?